Palermo: kwa nini mfalme Mkristo alijizungushia maandishi ya Kiarabu, na nianze kuona majengo gani?

Mwalimu wa Unguja:

Assalamu alaykum, na salamu za heshima kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari huku kusini mwa Unguja. Panapo majaliwa, mwezi wa Aprili nitakwenda Italia kwa mkutano wa walimu utakaofanyika Roma, na mkutano ukimalizika nitabaki na siku chache za kwangu mwenyewe. Wenzangu wananihimiza nizitumie Florence au Venice, lakini moyo wangu umeelekea Palermo, mji mkuu wa Sisilia, na ningependa kupata ushauri wenu kabla ya kukata tiketi.

Kinachonivuta ni jambo ambalo sijaweza kuwaeleza wanafunzi wangu kwa namna inayoniridhisha. Kila mwaka tunawapeleka kuuona msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi, yaani hati ya kale ya Kiarabu yenye herufi za pembepembe, kwenye ukuta wa kibla, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 BK. Nimesoma kwamba katika karne hiyohiyo Roger wa Pili, mfalme Mkristo aliyetawazwa Palermo siku ya Krismasi ya mwaka 1130, alikuwa na joho la kifalme lililotariziwa maandishi ya Kikufi, kanisa ambalo dari yake imepambwa kwa maneno ya Kiarabu, na sarafu za dhahabu zenye hati hiyohiyo. Baba yake, Roger wa Kwanza, na baba yake mkubwa, Robert Guiscard, ndio waliouteka mji huo kutoka kwa Waislamu mwaka 1072. Kwa nini mtoto wa watekaji achague lugha ya waliotekwa, tena kwa mambo yake ya heshima kuliko yote?

Pili, kwa mtu mwenye siku chache na anayependa kuona kwa macho yale anayofundisha, ni majengo yapi ayape nafasi ya kwanza? Tatu, nimesikia kwamba Malindi na Mombasa zilitajwa katika kitabu kilichoandikwa hukohuko Palermo. Naomba anayejua anithibitishie, kwa sababu sipendi kuwaeleza watoto jambo la kusikia tu.

Mpenda Ramani (Mombasa):

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nitaanza na swali la tatu, kwa sababu jibu lake ni jepesi na lina furaha kwetu watu wa pwani: ni kweli kabisa. Mwandishi ni al-Idrisi, mtaalamu wa jiografia anayesemekana kuzaliwa Ceuta, ambaye Roger wa Pili alimweka katika baraza lake na kumpa kazi ya kukusanya habari za ulimwengu wote uliojulikana. Kazi hiyo ilichukua miaka mingi. Wasafiri na wafanyabiashara walihojiwa, masimulizi yao yakalinganishwa, na yale yaliyokubaliana ndiyo yaliyoandikwa. Ramani kubwa ilichorwa juu ya bamba la fedha, ambalo halikudumu, lakini kitabu kilichoandamana nalo kimebaki. Kilikamilika Januari 1154, wiki chache tu kabla ya mfalme kufariki, na hadi leo hujulikana kama Kitabu cha Roger. Kinagawa nchi zinazokaliwa na watu katika kanda saba, kila kanda katika sehemu kumi, na kila sehemu ina ramani yake, kwa hiyo zipo ramani 70, zote zikiwa zimeelekezwa kusini juu.

Katika maelezo ya nchi ya Zanji, al-Idrisi anaitaja Malindi kuwa mji ulio kando ya bahari, ambao watu wake huchimba chuma na kukifanyia biashara, na anaitaja Mombasa kuwa ndipo anapokaa mfalme wa Zanji. Mwenyewe hakufika kwetu. Alitegemea wasimulizi pamoja na vitabu vya waliomtangulia, na ndiyo maana umbali anaoutoa baina ya mji na mji hauaminiki. Hata hivyo, fikiria maana yake, Mwalimu: jina la Mombasa liliandikwa kwa wino katika ikulu ya Palermo zaidi ya miaka 170 kabla ya Ibn Battuta kuteremka katika mji wetu mwaka 1331.

Sasa nirudi kwenye swali lako kubwa, nalo linadai turudi nyuma kidogo. Palermo ilianzishwa na Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni ya leo, katika karne ya 8 KK, kwenye ncha ya ardhi iliyokuwa baina ya mito miwili midogo, Kemonia na Papireto, ambayo siku hizi imefunikwa na inapita chini ya mitaa. Warumi waliitwaa mwaka 254 KK katika vita vyao vya kwanza na Karthago, na Wabizanti, yaani dola ya Konstantinopoli, wakaitwaa mwaka 535 BK. Kwa muda wote huo haikuwa mji wa kwanza wa kisiwa, kwa maana Syracuse ndiyo iliyokuwa na heshima hiyo. Mambo yaligeuka mwaka 831, pale majeshi ya Waaghlabi kutoka Tunisia ya leo, yaliyokuwa yameteremka Mazara mwaka 827, yalipoiteka na kuifanya makao makuu. Mwaka 937 watawala wa Kifatimi, waliowarithi Waaghlabi, waliongeza mtaa wenye ngome karibu na bandari, ambao kwa Kiarabu uliitwa al-Khalisa na leo unaitwa Kalsa. Msafiri Ibn Hawqal, aliyefika mwaka 973, aliandika kwamba aliona misikiti karibu 300, na akashangazwa na wingi huo. Mabonde ya nyuma ya mji yalipandwa michungwa, ndimu na miwa, na maji yakaletwa kwa mifereji iliyochimbwa chini ya ardhi kama ile ya Uajemi, ambayo baadhi yake bado inaweza kutembelewa.

Kwa hiyo Wanormani, ambao walikuwa wapiganaji wachache waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, hawakuteka kijiji. Waliteka mji mkubwa wenye daftari, makarani, mafundi na kodi zinazokusanywa kwa utaratibu. Watu wengi husimamia hapo na kusema kwamba wafalme walitumia Kiarabu kwa kuwa ndicho walichokikuta. Mimi naona jibu hilo halitoshi, na nitakuambia sababu yake. Baada ya mwaka 1111 hati za Kiarabu za watawala hao hutoweka kwa takriban miaka 20, na utawala ukawa unaendeshwa zaidi kwa Kigiriki. Kiarabu hurudi baada ya Roger kutawazwa, na kinaporudi, mtindo wa hati, vyeo na ofisi unafanana na wa ikulu ya Wafatimi mjini Kairo, ambayo Roger alikuwa na mawasiliano nayo ya karibu. Mfalme huyu alikuwa mpya. Ufalme wake haukuwa na mababu, na papa aliyemkubalia taji hakutambuliwa na wote. Alihitaji kuonekana mfalme mbele ya watu wa namna tatu waliokuwa chini yake, kila mmoja kwa ishara alizozizoea: Walatini, Wagiriki na Waislamu. Ndiyo maana katika mozaiki moja anavaa kama kaisari wa Konstantinopoli, na katika sarafu anaitwa kwa lakabu ya Kiarabu, al-Mu'tazz billah. Kwa wanafunzi wako ningesema hivi: Roger alichagua Kiarabu kwa makusudi, kwa sababu katika bahari ya Mediterania ya wakati wake hiyo, pamoja na Kigiriki, ilikuwa mojawapo ya lugha mbili za ufalme uliokamilika.

Joho ulilolisoma lilishonwa katika karakana ya ikulu ya Palermo mwaka 528 wa Hijria, yaani 1133 hadi 1134. Lina simba wawili wanaowaangusha ngamia, na maandishi ya Kikufi yanazunguka ukingo wake. Kwa bahati mbaya hutaliona Palermo, kwa kuwa limehifadhiwa katika hazina ya kifalme mjini Vienna.

Mkaazi wa Kalsa:

Mwalimu, karibu sana. Ninaishi mji huu kwa kazi, na nimekuwa nikiwapokea ndugu wanaopita, kwa hiyo nitajibu swali lako la pili kama ninavyowashauri wao.

Anza na Ikulu ya Wanormani, asubuhi mapema, kabla ya makundi ya watalii hayajashuka kutoka kwenye mabasi. Ndani yake, ghorofani, ndimo ilimo Cappella Palatina, kanisa dogo la mfalme, lililowekwa wakfu mwaka 1140. Ukiingia, jicho litavutwa na dhahabu: kuta zimefunikwa kwa mozaiki, yaani vipande vidogo vya kioo vilivyopangwa kuwa sura za malaika, manabii na Kristo aliye kwenye kuba, zikiwa na maandishi ya Kigiriki upande wa altare, na ya Kilatini kwenye kuta za ukumbi zinazosimulia habari za Mwanzo. Nakuomba usiishie hapo. Inua uso uitazame dari ya ukumbi wa katikati. Ni ya mbao, imechongwa kwa mtindo wa mukarnasi, ule wa vijumba vidogo vinavyoning'inia kama asali inavyojengwa na nyuki, na kila kijumba kimechorwa picha: wapiga udi, wanywaji, wacheza sataranji, wawindaji, ndege, ngamia, pamoja na maneno ya Kiarabu ya kumtakia mfalme nguvu, afya na ushindi. Wataalamu bado wanabishana kama mafundi wake walitoka Misri au Tunisia. Kwa kuwa picha ziko juu na ni ndogo, chukua darubini ya mkononi. Wengi hutoka bila kujua kwamba juu ya vichwa vyao ipo mojawapo ya kazi kubwa za uchoraji wa Kiislamu wa karne ya 12 zilizosalia popote duniani.

Kabla hujaingia kanisani, tafuta ukutani jiwe lenye maandishi ya lugha tatu, Kilatini, Kigiriki na Kiarabu, linaloeleza kwamba mfalme Roger aliamuru saa ya maji itengenezwe mwaka 1142. Saa yenyewe haipo tena.

Kutoka ikulu ni hatua chache hadi San Giovanni degli Eremiti, kanisa dogo lenye kuba tano nyekundu na bustani yenye kivuli, kisha ukiteremka kwa barabara ya kale iitwayo Cassaro utafika kwenye Kanisa Kuu, lililojengwa upya kuanzia mwaka 1185 na askofu mkuu Walter mahali palipokuwa na msikiti mkuu, ambao nao ulikuwa umejengwa palipokuwa na kanisa. Ndani kumebadilishwa sana katika karne ya 18, na kwa maoni yangu hakuna haja ya kukaa muda mrefu, isipokuwa kwenye makaburi ya mawe mekundu ya porfiri ya Roger wa Pili, binti yake Constance, mume wa Constance Henry wa Sita, na mwana wao Frederick wa Pili. Nje ndiko kwenye jambo litakalokugusa. Kwenye baraza la upande wa kusini, nguzo ya kushoto imechongwa aya ya 54 ya Sura ya Al-A'raf, ile inayomtaja Mwenyezi Mungu aliyeziumba mbingu na ardhi katika siku sita. Nguzo hiyo imesimama mlangoni pa kanisa kwa karne nyingi, na watu hupita mbele yake kila siku wakiwa wameshika simu mkononi. Simama uisome.

Endelea hadi uwanja ambapo makanisa mawili yametazamana kwa karibu, Martorana na San Cataldo. Martorana ilijengwa kuanzia mwaka 1143 kwa amri ya George wa Antiokia, Mkristo wa Mashariki aliyekuwa amiri mkuu wa Roger na aliyejua Kiarabu na Kigiriki vizuri. Humo ndimo ilimo ile mozaiki aliyoitaja ndugu Mpenda Ramani, Kristo akimvika Roger taji. Msafiri Ibn Jubayr, akirejea kutoka Hija, aliliona kanisa hilo siku ya Krismasi ya mwaka 1184 na kuandika kwamba ni jengo la ajabu kuliko yote aliyoyaona mjini, akaongeza kwamba wanawake wa Kikristo walitoka siku hiyo wakiwa wamejifunika, wamejipaka hina na kuzungumza Kiarabu fasaha kama wanawake wa Kiislamu.

Siku nyingine iweke kwa ajili ya Zisa. Ipo nje kidogo ya mji wa kale, mwendo wa takriban nusu saa kwa miguu kutoka ikulu, na watalii wengi huiacha. Ni jumba la kupumzikia wakati wa joto, lililoanzwa na William wa Kwanza, mwana wa Roger, mwaka 1165 na kumaliziwa na mwanawe William wa Pili. Limeelekezwa upande wa bahari ili upepo upite juu ya bwawa lililokuwa mbele yake, uingie ukumbini, ukutane na maji yanayotiririka kutoka ukutani kwenye mfereji wa marumaru, kisha hewa ya moto ipande na kutokea juu. Sehemu ya jengo iliporomoka mwaka 1971, na baada ya ukarabati mrefu likafunguliwa tena mwaka 1991 likiwa jumba la makumbusho. Humo kuna kitu kimoja ambacho ningekisafiria hata kama mji usingekuwa na kingine: jiwe la kaburi la mwaka 1149, ambalo padri aitwaye Grisandus alimwekea mama yake, Anna. Lina maandishi ya namna nne, Kilatini, Kigiriki, Kiarabu kwa hati ya Kiarabu, na Kiarabu kwa hati ya Kiebrania, na kila moja linahesabu tarehe kwa kalenda yake.

Monreale ipo mlimani, kilomita chache kutoka mjini, na basi huondokea Piazza Indipendenza, karibu na ikulu. Kanisa lake, lililojengwa na William wa Pili kuanzia miaka ya 1170, lina mozaiki zenye eneo la zaidi ya mita za mraba 6,000. Usisahau ua wa watawa ulio pembeni, wenye nguzo pacha 228, nyingi zikiwa na vichwa vilivyochongwa kila kimoja kwa namna yake. Majengo haya, pamoja na mengine hadi yatimie tisa, yakiwemo daraja la kale la Ponte dell'Ammiraglio na kanisa kuu la Cefalù, yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2015.

Msomaji wa Nairobi:

Nimewasoma ndugu wote wawili kwa faida kubwa. Hata hivyo nina wasiwasi na picha inayoweza kubaki akilini mwa wanafunzi wa Mwalimu, kwamba Palermo ya Wanormani ilikuwa mahali ambapo dini tatu ziliishi kwa upendo, na ushahidi wake ni mawe haya mazuri. Mawe hayo yaliagizwa na wafalme. Yanatueleza mfalme alitaka kuonekana vipi, na si lazima yatueleze fundi au mkulima Mwislamu aliishi vipi.

Chukua miezi ileile al-Idrisi alipokuwa akimalizia kitabu chake. Mwishoni mwa 1153, Philip wa Mahdia, mtumishi mkubwa wa ikulu aliyekuwa amebatizwa na kupanda hadi kuongoza manowari za mfalme, alishtakiwa kwamba moyoni amebaki Mwislamu, akachomwa moto mjini Palermo. Mwaka 1161, wakati wa uasi dhidi ya William wa Kwanza, Waislamu waliuawa ndani ya mji, na waliosalia wakahamia mtaa mmoja ili wajilinde. Ibn Jubayr mwenyewe, huyo aliyeisifu Martorana, anaandika pia juu ya watumishi wa ikulu wanaoficha swala zao, na juu ya baba Mwislamu anayetafuta msafiri wa kumwoza binti yake ili amtoe kisiwani. Alipofariki William wa Pili mwaka 1189, mashambulizi yalianza tena, na wengi wakakimbilia milimani. Hatimaye Frederick wa Pili, ambaye kaburi lake la porfiri Mwalimu ataliona, na ambaye alikulia Palermo na kusifiwa kwa elimu yake, kuanzia miaka ya 1220 aliwahamisha Waislamu wa Sisilia kwa maelfu hadi Lucera, bara la Italia. Mji wao huo ukavunjwa mwaka 1300 na wakazi wake wakauzwa utumwani.

Sisemi haya ili kuipunguzia Palermo uzuri wake. Nasema kwamba maandishi ya Kiarabu kwenye dari ya mfalme na kufukuzwa kwa wasemaji wa Kiarabu vinatenganishwa na muda mfupi usiofika miaka 100, na mwanafunzi anayefundishwa la kwanza bila la pili amepewa nusu ya somo.

Mpenda Ramani (Mombasa):

Ndugu Msomaji, nakubaliana nawe juu ya matukio yote uliyoyataja, na nashukuru umeyaleta. Ninachotaka kukilinda ni kimoja. Huyohuyo Ibn Jubayr anasimulia kwamba tetemeko la ardhi lilipoitikisa ikulu, William wa Pili aliwakuta wajakazi na watumishi wake wakimwita Mungu na Mtume, wakaingiwa na hofu walipomwona, naye akawaambia kila mmoja amwombe Yule anayemwabudu na kumwamini. Aliyeandika hivyo hakuwa na sababu ya kumpendezesha mfalme Mkristo, kwa maana kitabu chake kimejaa dua za kuwaombea Waislamu warudishiwe kisiwa. Kwa hiyo ndani ya ikulu palikuwa na nafasi ya kweli, ingawa ilikuwa nyembamba na ilitegemea uhai wa mtu mmoja. Mfalme alipokufa bila mtoto, hapakuwa na sheria wala taasisi ya kuishikilia nafasi hiyo. Mimi ningewafundisha watoto hivyo: ulinzi ulikuwa wa mfalme, haukuwa wa mji.

Mwalimu wa Unguja:

Ndugu zangu, Mungu awalipe kheri. Mabishano yenu yamenisaidia kuliko kama mngekubaliana, na maelezo ya kwamba Kiarabu kilitoweka kisha kikarudishwa kwa makusudi ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta. Nimeamua: nitakwenda Palermo.

Naomba niongeze swali moja. Baada ya Wanormani na Frederick, mji huu uliishi karne nyingi chini ya watawala wengine, hasa Wahispania. Je, kuna chochote cha kipindi hicho ambacho mtu wa kutoka Afrika asikose kukiona?

Mkaazi wa Kalsa:

Kipo, Mwalimu, na nimefurahi umeuliza. Kwa kifupi kuhusu historia: mwaka 1282, wakati wa sala ya jioni ya Jumatatu ya Pasaka, nje ya kanisa la Santo Spirito, watu wa Palermo waliwaasi watawala wao wa Kifaransa, na uasi huo ukaufungulia ukoo wa kifalme wa Aragon, kutoka Hispania, mlango wa kisiwa. Wahispania walitawala kwa njia ya magavana. Mwaka 1492 waliamuru Wayahudi waondoke, na hapo ndipo hati ya Kiebrania uliyoisoma habari zake juu ya kaburi la Anna ilipopoteza wasomaji wake mjini. Kipindi chao ndicho kilichoupa mji sura yake ya kibaroko, yaani ya mtindo wa mapambo mengi: njia panda ya Quattro Canti, iliyojengwa kati ya 1608 na 1620 ikiwa na pembe nne za mviringo zenye majira ya mwaka, wafalme wa Hispania na watakatifu wanawake wanne; na Fontana Pretoria, chemchemi ya sanamu nyingi iliyochongwa Florence, ikanunuliwa na kuletwa kwa vipande mwaka 1574.

Sasa kuhusu Afrika. Palermo ina mtakatifu mlinzi mweusi, na watu wengi wanaoutembelea mji hawamsikii. Benedict, ambaye Waitalia humwita San Benedetto il Moro, alizaliwa katika miaka ya 1520 huko San Fratello, katika jimbo la Messina, akiwa mtoto wa Waafrika waliokuwa watumwa. Aliachwa huru, akawa mkaapweke, kisha akajiunga na watawa wa Wafransisko katika konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Santa Maria di Gesù, chini ya mlima ulio kusini mwa Palermo. Alikuwa mpishi. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini wenzake walimchagua kuwa mkuu wa nyumba, na watu wa kila tabaka walipanda kwenda kumwomba ushauri. Alifariki mwaka 1589. Mwaka 1652 baraza la mji lilimfanya mmoja wa walinzi wa Palermo, ingawa Roma ilimtangaza mtakatifu mwaka 1807 tu. Katikati ya kipindi hicho ibada yake ilikuwa imekwisha kuvuka bahari na kushika mizizi miongoni mwa Waafrika waliokuwa utumwani Brazil na makoloni ya Hispania. Mwezi wa Julai 2023 moto wa msituni uliliteketeza kanisa la konventi hiyo, na mwili wake uliokuwa umehifadhiwa humo ukaungua. Ukitaka kwenda huko, uliza kwanza mjini kama pamefunguliwa, kwa sababu ni mbali na katikati ya mji.

Mahali pengine ni jumba la Steri, karibu na ninapoishi, lililojengwa na ukoo wa Chiaramonte katika karne ya 14. Kuanzia mwaka 1600 hadi 1782 lilikuwa makao ya Baraza la Kuhukumu Wazushi wa Dini. Wafungwa waliandika na kuchora kuta za seli zao kwa mkaa, kwa vumbi la matofali na kwa chochote walichokipata: watakatifu, meli, ramani ya Sisilia, mashairi ya Kisisilia, hata maneno ya Kiingereza. Michoro hiyo ilifunikwa kwa chokaa na kusahauliwa hadi ilipogunduliwa mwaka 1906 na mtafiti wa mila Giuseppe Pitrè. Jengo sasa ni la Chuo Kikuu cha Palermo, na ziara huongozwa na mtu anayeeleza kila ukuta. Baada ya dari ya Cappella Palatina, hapa ndipo ningemtuma mwalimu yeyote wa historia.

Ukiwa na asubuhi ya ziada, pita soko la Ballarò, ambalo limekuwapo tangu enzi za utawala wa Kiislamu na ambako utawasikia wauzaji wa Kisisilia, wa Kibangladeshi na wa kutoka Afrika Magharibi wakinadi bidhaa upande kwa upande. Kula panelle, vitafunio vya unga wa dengu vinavyokaangwa na kuliwa ndani ya mkate. Havina nyama, kwa hiyo hutakuwa na wasiwasi. Ikulu na Cappella Palatina hufungwa baadhi ya siku kwa ibada na kwa vikao vya Bunge la Sisilia, ambalo hukutana ndani ya jengo hilohilo, kwa hiyo angalia ratiba kabla ya kupanga siku zako nyingine.